Vita vya galaksi, neema ya shimo jeusi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wanaastronomia wawili wa California, Walter Baade na Rudolph Minkowski, waliwekeana dau la chupa ya wiski. Darubini ya Palomar, yenye kioo cha mita 5, ilikuwa imepiga picha ya Cygnus A, chanzo kikali cha mawimbi ya redio. Baade aliona pale galaksi mbili zimegongana, Minkowski hakusadiki. Mwanga wake ulipochambuliwa ukaonyesha gesi yenye joto kali, Minkowski akasalimu amri. Baade alisimulia kwamba mwenzake alimlipa kichupa tu, kisha akaja kukinywa mwenyewe.

Kumbe dau lililipwa mapema mno. Mawimbi mengi yalitoka kwenye mawingu mawili makubwa, moja kila upande wa galaksi, na mgongano peke yake usingeweza kuzalisha nishati kiasi hicho. Mwaka 1963 Maarten Schmidt aligundua kwamba 3C 273, chanzo kingine cha mawimbi ya redio kilichofanana na nyota, kiko umbali wa zaidi ya miaka bilioni 2 ya nuru. Ni kitu gani hicho kinachong'aa kuliko galaksi nzima? Mwaka uliofuata Edwin Salpeter na Yakov Zeldovich, kila mmoja kivyake, walikuja na jibu: shimo jeusi kubwa linalokula. Gesi haitumbukii moja kwa moja. Huzunguka kwa kasi, husuguana na kuwaka kabla ya kumezwa.

Pwani ya Kenya nayo imo katika historia hii. Tarehe 12 Desemba 1970, nchi ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, setelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ilinasa eksirei kutoka NGC 4151, galaksi yenye kiini kinachowaka.

Hoja ya mgongano ilifufuka mwaka 1972. Kwa kutumia kompyuta, ndugu Alar na Jüri Toomre walionyesha jinsi galaksi zinazokaribiana zinavyochomoana mikia mirefu ya nyota, wakadokeza kwamba purukushani hiyo huweza kusukuma gesi hadi kitovuni. Mwaka 2002 darubini ya Chandra ikaonyesha ndani ya NGC 6240, mabaki ya galaksi zinazoungana, mashimo meusi mawili yakila kwa pamoja.

Kisha takwimu zikaleta utata. Mwaka 2011 Mauricio Cisternas na wenzake walilinganisha galaksi 140 zenye mashimo meusi yanayokula na nyingine zaidi ya 1,200 zilizotulia. Zaidi ya asilimia 80 ya zile 140 hazikuwa na dalili ya kugongwa karibuni. Lakini mwaka 2018 timu ya Michael Koss ilichungulia nyuma ya vumbi, ikakuta jozi za viini vilivyokaribia kuungana, hasa pale shimo jeusi linapokula likiwa limefichwa.

Ushahidi uliopo unaelekea upande mmoja: mgongano huongeza ulaji, hasa hatua za mwisho za kuungana, ila si sharti. Mashimo meusi mengi hujilisha taratibu kwa gesi ya galaksi yao yenyewe, bila vita na jirani yeyote.