Daktari aliyekunywa bakteria wa vidonda vya tumbo

Hapa Mkwajuni, mchimbaji akianza kujishika chembe ya moyo na kutafuna vidonge vya magnesium, majirani wameshajua sababu: analala na njaa, anapenda pilipili, ana mawazo. Hadi miaka ya 1980 madaktari wengi duniani walisema karibu hayohayo. Aliyewapinga alizaliwa mwaka 1951 Kalgoorlie, magharibi mwa Australia, mji wa dhahabu kama ukanda wetu wa Lupa. Anaitwa Barry Marshall.

Mwanzo ulikuwa wa mwenzake, Robin Warren, mtaalamu wa patholojia wa Hospitali ya Royal Perth. Juni 1979, kwenye hadubini, aliona bakteria waliojipinda katika kinyama kilichotolewa kwenye tumbo lenye uvimbe. Vitabu vilifundisha kwamba asidi ya tumbo haiachi kiumbe. Marshall alimfuata mwaka 1981, wakachunguza wagonjwa 100. Bakteria waligoma kuota maabara, na sahani zikawa zinatupwa baada ya siku mbili. Sikukuu ya Pasaka ya 1982 zikaachwa siku tano, wakaota.

Wakubwa wa fani hawakushawishika kwamba bakteria hao ndio chanzo cha vidonda. Sharti lililojulikana kwa jina la Robert Koch, Mjerumani aliyewahi kufanya utafiti Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898, linataka kijidudu kiingizwe kwa mzima kimuuguze. Wanyama wa maabara hawakuugua. Mwaka 1984 Marshall akapimwa tumbo kwa kamera, likaonekana safi, kisha akanywa mchuzi wa bakteria waliotoka kwa mgonjwa. Mkewe hakuambiwa. Siku chache baadaye alikuwa akitapika asubuhi na mdomo unanuka. Kamera iliporudi, tumbo lilikuwa limevimba, bakteria wamejaa. Kidonda hakikutokea, ila uvimbe unaokitangulia ulikuwepo. Ujasiri huo naustaajabia hadi leo.

Bakteria huyo, Helicobacter pylori, hutengeneza amonia inayopoza asidi iliyomzunguka, hujichimbia kwenye ute wa tumbo na kukaa humo miaka. Tangu 1994 anatajwa pia kuwa chanzo cha saratani ya tumbo. Warren na Marshall walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Dawa za maumivu kama diklofenaki nazo huleta vidonda. Lakini inaniuma kuona mtu anatafuna magnesium mwaka mzima bila kuambiwa apime kinyesi kuona kama ana bakteria huyo, wakati tiba ni antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14.