Umbo na Uhai: Picha Mbili za Saratani

Tabibu asiyejua maficho ya saratani hupiga gizani. Katika mwaka wa 1971, mjini London, mashine ya Godfrey Hounsfield ilipiga kwa eksirei picha ya ubongo wa mgonjwa, tabaka kwa tabaka. Ilionyesha umbo, haikusema kama uvimbe u hai au umekufa. Katika mwaka wa 1976, Philadelphia, watu wa kwanza walidungwa sukari yenye mnururisho. Saratani nyingi hula sukari kwa pupa, hivyo hujifichua. Lakini picha hii ilionyesha moto bila ya nyumba inayoungua.

Kwa miaka mingi matabibu walilinganisha picha hizo kwa macho, ilhali mgonjwa amekwisha geuka baina ya moja na nyingine. David Townsend na Ronald Nutt waliunganisha mashine mbili kuwa moja, ikaanza kazi Pittsburgh mwaka wa 1998. Tangu hapo, wagonjwa waliokuwa wakingojea kisu wameonekana saratani imekwisha kuwaenea, wakaepushwa upasuaji usiowafaa. Wengine, ambao kovu lilidhaniwa ugonjwa, wakaepushwa dawa kali.

Hata hivyo, kifua kikuu nacho hula sukari, kikafanana na saratani. Mashine huona, hukumu ingali ya tabibu.