Historia ya Dimbwi

Ukitaja historia ya Kilwa, ndugu msomaji, kila mtu anakimbilia Husuni Kubwa na safari ya Ibn Battuta ya mwaka 1331. Sawa. Mimi leo naandika historia ya dimbwi. Msicheke kwanza.

Huku kwetu masika yakishika, mabondeni hutuama maji. Baada ya siku chache utaona vidude vidogo kama punje za ulezi vinarukaruka humo. Hao ndio viroboto wa maji. Mholanzi Jan Swammerdam ndiye aliyewafananisha na viroboto mwaka 1669; kwa asili ni ndugu wa kamba na kaa. Halafu wanatokea samaki wa rangi, wadogo, ambao bibi yangu alisema huanguka na mvua.

Kumbe hawaanguki. Mayai yao yalilala ndani ya tope kavu kiangazi kizima. Na viroboto vilevile! Maji yakiwa mengi majike huzaa bila dume; hali ikiwa ngumu hutaga mayai yenye ganda la kuhimili ukame. Mlaji na chakula chake wamelala udongo mmoja, wanaamshwa na mvua moja. Sisi tunaotaka kuandika riwaya tutafute wapi tena visa?

Mwaka 1888 na 1889 Mjerumani Franz Stuhlmann alikusanya samaki Unguja na bara. Mwaka 1893 Georg Pfeffer wa Hamburg akamtangaza mmoja wa Unguja, akampa jina la mtaalamu wa London, Albert Günther. Mwaka 1982 wa Rufiji, jirani zetu wa kaskazini, akaitwa eggersi. Majina ya wageni matupu, bwana. Afadhali wafugaji wa Ulaya, maana huandika kwenye tangi mahali samaki alikotoka, wasije wakachanganya koo. Mayai yenyewe husafiri kwa posta, yamefungwa ndani ya mboji yenye unyevu.

Na huko wanalishwa nini? Viroboto wa maji, tena walio hai. Samaki hawa hufuata kinachocheza. Chakula kikavu wengi hukiacha kikaoza. Kiroboto asiyeliwa asubuhi anaendelea kuogelea hadi jioni, maji hayachafuki. Humfuga kwa maji ya kijani na hamira kidogo. Utafiti wa Msumbiji wa mwaka 2010 ulikuta matumboni mwa samaki wa jamii hii vidude vya namna hiyohiyo. Basi yule wa Hamburg, na kioo chake na taa zake, anaandaa mlo wa dimbwi.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, na ni haki yake. Dimbwi likifukiwa nani anaandika hata tarehe? La nyuma ya kwetu limemwagiwa kifusi, sasa kuna fremu za maduka. Nimewauliza wazee wawili lilikuwa likiitwaje. Kila mmoja amenipa jina lake.