Kasa wa Juani na Tijara ya Magamba

Yule baharia wa Kiyunani aliyeandika, katika karne ya kwanza baada ya Nabii Isa, kitabu cha bandari za bahari yetu kiitwacho Periplus, alikitaja kisiwa kimoja, Menuthias, tambarare na chenye miti mingi, ambacho wenyeji wake, wenye mitumbwi na vyombo vya kushonwa, walinasa kasa kwa matenga waliyoyatega penye milango ya miamba. Wanazuoni hawajaafikiana kama kisiwa hicho ni Pemba, Unguja au Mafia, wala mimi sina haja ya kuwaamulia. Lililo yakini ni kwamba gamba la kasa aitwaye ng'amba lilikuwa bidhaa ya thamani, likipakiwa vyomboni pamoja na pembe za ndovu kwenda Arabuni na Bara Hindi, ilhali kasa wa kijani, asiye na gamba la kuuzika, aliliwa nyama na mayai papa hapa.

Hila za kuwavua hazikuwa chache, na iliyo ya ajabu kupita zote ni ile ya chazo: mvuvi alimfunga samaki huyo uzi mkiani, akamwachia karibu na kasa, naye akiisha kumganda barabara, mvuvi akavuta taratibu mpaka ubavuni mwa chombo.

Kisiwani Juani, katika visiwa vya Mafia, ulipo mji wa Kua uliohujumiwa na Wasakalava wa Bukini mwanzoni mwa karne ya 19, kasa waliendelea kupanda fukwe za upande wa bahari kuu hata baada ya misikiti kubaki magofu. Sheria ya hifadhi za bahari ilitungwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania, yenye kilomita za mraba 822, Chole, Juani na Jibondo zikiwa ndani yake. Uvuvi wa baruti ulipigwa vita, na hilo lilistahili. Lakini wako wavuvi waliolalama kwamba mipaka ilipita juu ya riziki zao, nao hawakulalama bure.

Kwa rai yangu, faida kubwa zaidi kwa kasa ilitoka katika jambo dogo. Tangu mwaka 2001 shirika la Sea Sense limewatumia wanavijiji wenyewe, wanaopita ufukweni alfajiri, wakafuata mikwaruzo ya mapezi mchangani hadi kwenye kiota, na kikiwa mahali panapofikiwa na maji makuu, mayai huhamishwa juu. Anayetoa habari za kiota hupata ujira, nao huongezeka kwa kadiri ya watoto watakaoanguliwa, takriban miezi miwili baadaye. Hivyo yule yule ambaye zamani angeyala mayai sasa ana sababu ya kuyangoja.

Hata hivyo, ulinzi huo ni wa mchanga tu. Kasa akiisha kutaga huondoka, akasafiri mbali mno kufuata malisho ya majani ya bahari, akipita katika maji ya watu wasiomlipa mtu yeyote kwa ajili yake, na huko jarife la papa humnasa bila hata ya kukusudiwa.