Pa- ya patakatifu

Nenda kanisani Sepuka, wilayani Ikungi: jengo waumini wanaliita kanisa, na mbele kuna madhabahu. Hekalu utalisikia zaidi Biblia inaposomwa. Neno hilo limetufikia kupitia Kiarabu, haykal, lakini asili yake ni ya kale mno. Wasumeri walisema e-gal, nyumba kubwa, yaani ikulu. Basi nyumba ya Mungu ilipewa jina la nyumba ya mfalme.

Mimi linalonivutia ni patakatifu. Hapa Kiswahili hakikukopa kitu. Kitenzi takata, hicho hicho cha nguo iliyofuliwa ikang'aa, ndicho chimbuko lake, kisha likavishwa pa-, ngeli ya mahali panapoweza kuoneshwa kwa kidole. Si ku-, si mu-. Ukisema patakatifu huhitaji kutaja ukuta wala paa, ndiyo maana neno linaikaa vizuri hema ya Musa, iliyokunjwa na kuhamishwa jangwani, sawa na jengo la Sulemani.

Chumba cha ndani cha Sulemani, Patakatifu pa Patakatifu, kilikuwa dhiraa 20 kwa urefu, 20 kwa upana, 20 kwenda juu. Sasa fungua Ufunuo 21: mji mtakatifu nao urefu, upana na kimo chake ni sawa, na Yohana hakuona hekalu ndani yake. Chumba alichoingia kuhani mkuu peke yake, siku moja kwa mwaka, kimekuwa mji mzima. Wahubiri wengi hupenda zaidi ile dhahabu ya barabarani, vipimo wanaviruka.