Audrey Hepburn: Mzaliwa wa Brussels aliyeng'ara Hollywood

Audrey Hepburn, mmoja wa waigizaji waliopendwa mno katika historia ya sinema ya Marekani, hakuzaliwa Marekani, wala hakupata kuwa raia wa nchi hiyo hadi kufa kwake. Alizaliwa mjini Brussels, Ubelgiji, tarehe 4 Mei 1929, katika nyumba nambari 48 ya mtaa wa Keyenveld, kwenye manispaa ya Ixelles. Kibao kilichowekwa ukutani mwa nyumba hiyo huwakumbusha wapita njia jambo ambalo wengi wao hawalijui.

Waafrika wanaoishi Brussels wanalifahamu vyema eneo hilo, pengine bila kujua habari za nyumba yenyewe. Ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu kutoka hapo hadi Matonge, mtaa wa maduka ya vitenge, vinyozi na wasusi, uliopewa jina la kitongoji mashuhuri cha Kinshasa. Hapo mwanzoni mwa Matonge upo pia uwanja uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018.

Ujirani huo ni wa kubahatisha tu. Hata hivyo, maisha ya Audrey Hepburn yalikutana na bara la Afrika mara mbili: kwanza kwa kazi ya sinema mjini Stanleyville, Kisangani ya leo, na baadaye, akiwa amekwisha kuipa sinema kisogo, miongoni mwa wenye njaa wa Ethiopia, Sudan na Somalia.

Utoto na vita

Jina aliloandikishwa ni Audrey Kathleen Ruston. Mama yake, Ella van Heemstra, alikuwa Mholanzi wa ukoo wa makabaila. Babu yake mzaa mama aliwahi kuwa meya wa mji wa Arnhem na kisha gavana wa Suriname, lililokuwa koloni la Uholanzi huko Amerika ya Kusini. Baba yake, Joseph Ruston, alikuwa raia wa Uingereza aliyezaliwa Bohemia. Baadaye alijiongezea jina la Hepburn, akiamini kuwa anatokana na ukoo mmoja wa kale wa Scotland. Imani hiyo haikuthibitishwa, lakini jina likabaki, na ndilo ambalo dunia ilikuja kulijua.

Wazazi hao wawili walivutiwa na siasa za kifashisti katika miaka ya 1930, jambo ambalo makala nyingi za kumsifu binti yao hulipita kimya. Mwaka 1935 baba aliondoka nyumbani na hakurudi tena. Wakati wa vita Waingereza walimweka kizuizini kwa ajili ya siasa zake. Mama naye alikuja kubadilika baada ya kuona kwa macho yake Wanazi walivyoitenda nchi yake.

Audrey alikuwa akisoma shule ya bweni katika jimbo la Kent, Uingereza, vita vilipotangazwa mwezi Septemba 1939. Mama yake akamhamishia Arnhem, akidhani kwamba Uholanzi, isiyofungamana na upande wowote, ingesalimika kama ilivyosalimika katika vita vya kwanza. Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yakaivamia. Msichana aliyekuwa akizungumza Kiingereza vizuri kuliko Kiholanzi ilimbidi ajizuie kukizungumza hadharani, na akaitwa Edda van Heemstra ili jina lake lisimtie mashakani.

Mwezi Agosti 1942 mume wa dada wa mama yake, Otto van Limburg Stirum, alipigwa risasi na Wajerumani pamoja na mateka wengine wanne, kulipiza kisasi cha hujuma ambayo wao wenyewe hawakuifanya. Kaka yake mmoja wa kambo alipelekwa Berlin kufanya kazi za kulazimishwa, na mwingine akajificha. Audrey, aliyekuwa akijifunza dansi ya balei, alicheza katika maonyesho ya siri ndani ya nyumba za watu, madirisha yakiwa yamefunikwa, ili kuchangisha fedha za wapiganaji wa chini kwa chini.

Majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945 ndiyo yaliyomwachia alama ya maisha. Baada ya majeshi ya Washirika kushindwa katika mapigano ya Arnhem, sehemu ya Uholanzi iliyobaki mikononi mwa Wajerumani ilikatiwa chakula na makaa ya mawe. Zaidi ya watu 20,000 walikufa. Familia yake, iliyokuwa imehamia kijiji cha Velp, ilikula mizizi ya maua ya tulip. Wakombozi walipoingia Velp mwezi Aprili 1945, Audrey, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 16, alikuwa na upungufu wa damu na miguu iliyovimba kwa kukosa lishe. Wembamba ambao baadaye uliigwa na wasichana wa dunia nzima kama mtindo wa urembo ulikuwa, kwa kiasi fulani, kovu la njaa.

Kutoka jukwaani hadi Hollywood

Baada ya vita alisomea balei Amsterdam na kisha London, katika shule ya Marie Rambert. Huko aliambiwa ukweli mchungu: kimo chake kirefu na mwili uliodhoofika havingemruhusu kuwa mcheza balei wa daraja la kwanza. Akaanza kucheza dansi katika maonyesho ya muziki ya London ili apate riziki, na kupewa sehemu ndogo ndogo katika filamu za Kiingereza.

Mwaka 1951, alipokuwa Monaco kwa ajili ya filamu moja ya aina hiyo, mwandishi wa Kifaransa Colette alimwona na kumchagua papo hapo acheze nafasi ya Gigi katika tamthilia iliyotokana na hadithi yake. Gigi ilifunguliwa Broadway, New York, mwezi Novemba mwaka huohuo. Baada yake ikafuata "Roman Holiday" ya mwaka 1953, iliyoongozwa na William Wyler, ambamo Audrey ni binti wa kifalme anayewatoroka walinzi wake kwa siku moja mjini Roma. Gregory Peck, aliyekuwa nyota wa filamu hiyo, alisisitiza kwamba jina la msichana huyo asiyejulikana liandikwe sawa na lake. Machi 1954 Audrey alipata tuzo ya Oscar, na siku chache baadaye akapata pia tuzo ya Tony kwa uigizaji wake katika tamthilia ya "Ondine".

Zilifuata "Sabrina", "War and Peace" na "Funny Face". Kwa ajili ya "Sabrina" alikwenda Paris kumwona mshonaji kijana Hubert de Givenchy, ambaye aliposikia kwamba Bi Hepburn anakuja alidhani ni Katharine Hepburn. Urafiki ulioanza kwa mkanganyo huo ulidumu miaka 40. Katika televisheni hakufanya mengi: mwaka 1957 alicheza "Mayerling" kwenye shirika la NBC, pamoja na mumewe wa kwanza Mel Ferrer, na hakurudi katika tamthilia ya televisheni hadi miaka 30 baadaye.

Mtawa wa Stanleyville

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kazi yake nzito kuliko zote ni "The Nun's Story" ya mwaka 1959, na si zile za mapenzi na mavazi ambazo mabango yake yangali yakiuzwa. Filamu hiyo iliyoongozwa na Fred Zinnemann ilitokana na kitabu cha Kathryn Hulme, Mmarekani aliyeandika kisa cha maisha ya Marie Louise Habets, mtawa na muuguzi wa Kibelgiji aliyewahi kutumikia Kongo. Wanawake hao wawili walikutana mwaka 1945 wakiwahudumia wakimbizi nchini Ujerumani chini ya UNRRA, shirika la misaada la Umoja wa Mataifa la wakati huo.

Mapema mwaka 1958 kundi la wapiga picha lilikwenda Kongo ya Wabelgiji, likapiga kambi Stanleyville na kufanya kazi pia Yakusu, kituo cha wamisionari wa Kibaptisti kando ya mto, ambako daktari Mwingereza Stanley Browne alikuwa akiwatibu wenye ukoma. Audrey anamwigiza Sista Luke, binti wa daktari bingwa wa Kibelgiji, ambaye anataka kuwauguza Waafrika lakini wakubwa wake wanampangia hospitali ya Wazungu. Anang'ang'ana na nadhiri ya utii kwa miaka mingi; mwishowe, baba yake akiwa ameuawa na Wanazi, anaivua joho ya utawa na kutoka peke yake mlangoni. Audrey mwenyewe alikuwa ameonja vita hivyo, na inaonekana usoni mwake.

Filamu hiyo ina upungufu wake. Wakongo wamo kama wagonjwa, watumishi na waumini, na ni nadra kusikia wanachokifikiri. Pale mmoja wao anapotenda jambo kubwa, ni kumuua mtawa kwa uchochezi wa mganga. Nafasi ya mtumishi Kalulu ilipewa Orlando Martins, mwigizaji mkongwe kutoka Nigeria. Mtazamaji hawezi kutambua kwamba Stanleyville ndio mji ambamo Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta miaka michache tu kabla.

Ni vyema kukumbuka pia yaliyokuwa yakitendeka Brussels mwaka huohuo. Katika Maonyesho ya Dunia ya 1958, yaliyotembelewa na watu zaidi ya milioni 41, serikali ya Ubelgiji iliweka kijiji cha Wakongo nyuma ya uzio ili wageni wawatazame. Baadhi ya watazamaji waliwatupia ndizi. Ilipofika Julai Wakongo hao waliokuwa wamefedheheshwa walirejea kwao, na kijiji kikabaki kitupu. Filamu ilipoanza kuonyeshwa katikati ya 1959, Leopoldville ilikuwa imekwisha kuona ghasia za mwezi Januari, na mwaka uliofuata Kongo ikajitawala.

"The Nun's Story" ilipendekezwa kwa tuzo nane za Oscar na haikupata hata moja. Lakini Audrey alipoangushwa na farasi na kuvunjika uti wa mgongo akipiga filamu nyingine nchini Mexico mwaka 1959, muuguzi aliyekuja kumtunza alikuwa Marie Louise Habets mwenyewe.

Umaarufu na kujitenga

Mwaka 1961 ulileta "Breakfast at Tiffany's". Gauni jeusi alilolivaa humo lilishonwa na Givenchy. Moja ya magauni hayo liliuzwa mnadani London mwezi Desemba 2006 kwa zaidi ya pauni 460,000, na fedha zikapelekwa kwa watoto maskini wa India. Filamu yenyewe imelaumiwa sana kwa jinsi mwigizaji Mzungu Mickey Rooney alivyomfanyia dhihaka mhusika wa Kijapani. Katika "My Fair Lady" ya 1964 sauti ya nyimbo nyingi si yake bali ya Marni Nixon, na watoa tuzo walimnyima hata pendekezo, ingawa filamu ilizoa Oscar nane.

Baada ya "Wait Until Dark" ya 1967 aliamua kulea. Alikuwa na wana wawili, Sean aliyezaliwa 1960 na Luca aliyezaliwa 1970 katika ndoa yake ya pili na daktari Mwitalia Andrea Dotti. Makao yake yalikuwa kijiji cha Tolochenaz, Uswisi, na filamu alizocheza tangu hapo ni chache. Baba yake alimtafuta kwa msaada wa Msalaba Mwekundu, akampata Dublin, na akamgharimia maisha hadi alipofariki mwaka 1980.

Balozi wa watoto

Mwaka 1988 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilimteua kuwa balozi wake. Alipenda kusema kwamba shirika hilo lilimlisha alipokuwa mtoto. Kwa usahihi, chakula kilichofika Uholanzi mwaka 1945 kililetwa na UNRRA, kwani UNICEF iliundwa Desemba 1946. Deni alilolihisi lilikuwa la kweli.

Safari yake ya kwanza ilikuwa Ethiopia, mwezi Machi 1988. Mjini Mekele alitembelea kituo cha yatima 500 ambao UNICEF iliwapelekea chakula. Mwaka 1989 alikwenda Sudan, ambako Umoja wa Mataifa ulikuwa ukijaribu kupitisha misaada baina ya jeshi la serikali na waasi wa kusini. Alikwenda pia Bangladesh, Vietnam na Amerika ya Kati, na kila aliporudi alitoa mahojiano mfululizo. Alijua kwamba wapiga picha wanakuja kumtazama yeye, naye akawageuzia kamera upande wa watoto.

Mwezi Septemba 1992 alizuru Kenya na Somalia. Serikali ya Siad Barre ilikuwa imeangushwa Januari 1991, wababe wa vita walikuwa wakipora vyakula vya misaada, na malaki ya watu walikuwa wakifa kwa njaa na maradhi. Alifika Kismayu na Baidoa. Picha yake akiwa amembeba mtoto aliyebaki mifupa mitupu ilizunguka dunia. Waliokuwa naye wamesema hakupata kuona kitu kilichomshtua kama kile. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa tumbo bila kujua sababu.

Tarehe 1 Novemba 1992 alipasuliwa mjini Los Angeles, na madaktari wakakuta saratani iliyoanzia kwenye kidole tumbo na kuenea. Mwezi Desemba, Marekani ikiwa inapeleka wanajeshi Somalia, Rais George Bush mzee alimtunukia Nishani ya Uhuru, lakini hakuweza kwenda kuipokea. Givenchy alimpatia ndege ya binafsi ili akafie nyumbani. Alifariki dunia Tolochenaz tarehe 20 Januari 1993, akiwa na umri wa miaka 63, na kuzikwa katika makaburi ya kijiji hicho.

Siku iliyofuata televisheni ya umma ya Marekani ilianza kuonyesha "Gardens of the World", mfululizo wa vipindi alivyovitangaza kuhusu bustani za nchi mbalimbali. Vipindi hivyo vilimpatia tuzo ya Emmy, na kaseti ya hadithi za watoto alizozisoma ikampatia Grammy mwaka 1994. Hivyo ni baada ya kuzikwa ndipo alipoingia katika orodha fupi ya wasanii waliopata tuzo zote nne kubwa za Marekani. Mwaka 2019, miaka 90 tangu azaliwe, mwanawe Sean aliandaa mjini Brussels maonyesho ya picha, mavazi na barua za mama yake, si mbali na mtaa wa Keyenveld.