Arobaini ya Mama Asiye na Bosi



Ukifika Nyamisati kusubiri boti ya Kilindoni, wanaokupokea ni wanawake: wa chapati, wa uji, wa samaki wa kukaanga. Wengine wana vichanga kwenye kanga. Waulize habari ya likizo ya uzazi, watakucheka. Utaiomba kwa nani, na bosi ni wewe mwenyewe?

Lakini pwani yetu ilijua likizo kabla ya serikali. Mzazi alitulia ndani siku 40. Hachoti maji, haendi shamba; anakandwa kwa maji ya moto na anapikiwa uji wa pilipili manga. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilikutana Washington na kupitisha mkataba wa uzazi: wiki 6 kabla ya kujifungua, wiki 6 baada. Wiki 6 ni siku 42. Bibi zetu walipishana nao siku mbili tu!

Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anapata hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha, na ni marufuku kumfukuza kwa sababu ya mimba. Alhamdulillah. Ila muuza samaki hayumo. Fundi cherehani anayejitegemea hayumo.

Hapo ndipo historia inaponiuma. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, ambaye asili ya wazazi wake ni Rufiji, alipowaingiza wanawake TANU, hakuanzia maofisini. Alianzia kwenye vikundi vya ngoma, maana yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Kwa miezi michache wanawake zaidi ya 5,000 walijiunga, wengi wao wakiwa watu wa kujitafutia riziki wenyewe. Wasio na bosi waliubeba uhuru. Likizo ikaja kwa wenye bosi.

Uzazi wangu wa pili nilirudi kwenye cherehani siku ya 17. Idi ilikuwa karibu, nguo za watu ziko mezani. Nilikanyaga pedali huku kiuno kinawaka moto. Mume wangu hakunilazimisha, ila mfuko ulikuwa mtupu.

Surat Al-Baqara, aya ya 233, imemwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, kwa kadiri ya uwezo wake. Basi kupumzika kwa mzazi si kudeka, ni haki.

Vikoba vyetu vina fungu la msiba, lakini la uzazi mara nyingi hakuna. Msiba hautoi taarifa. Mimba inatupa miezi 9 ya kujiandaa. Tuanzishe fungu la arobaini, kila wiki kidogo kidogo, na waume wachangie tangu tumbo linapoonekana. Na wagombea wakija kuomba kura, tuwaulize: siku 84 za muuza samaki ziko wapi?